Kiwiko Kilichovuka Mto

Mwezi uliopita mvua ilipasua mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Musoma, na asubuhi maji yalipopungua ikabaki ile harufu. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa: tope jeusi lililochanganyika na majani yaliyooza, na ndani yake ubaridi wa mawe yaliyolala chini ya ardhi miaka yote na sasa yameona jua kwa mara ya kwanza. Majirani walitoka na machepe wakilalamika. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, na wivu ukanipanda kifuani, wivu wa mtoto wa darasa la sita, mzima kabisa, haujapungua hata kidogo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Marafiki wa rika langu, ambao siku hizi tunalinganisha dawa za presha kama zamani tulivyolinganisha magauni, wananijua hivyo na wamenizoea. Wengine wao husema kijicho cha utotoni huisha mtu akishapata kile alichokuwa anamwonea mwenzake. Hapo ndipo nabishana nao, maana mimi nilikipata, tena chote, na bado.

Kwetu ni Nyanungu. Baba alikuwa na wake wawili. Nyumba kubwa ilikuwa ya mama mkubwa, Mama Chacha, na nyumba ndogo ilikuwa ya mama yangu, ambaye watu walimwita Mama Mwita kwa jina la mdogo wangu wa kiume. Wanaume wengi wa kwetu hujenga nyumba za wake zao kuzunguka zizi moja. Baba alizitenga, moja huku na nyingine ng'ambo, kwa sababu alichoka kusuluhisha ugomvi wa vyungu na kuni. Katikati ulipita mto. Nauita mto kwa heshima tu. Wakati wa kiangazi mbuzi aliuvuka bila kulowa magoti. Ulishuka kutoka vilimani, ukapita kwetu, ukaenda kujimwaga Mto Mara huko chini.

Mkurya mwenye nyumba mbili hachanganyi mali. Kila nyumba ina shamba lake, ng'ombe wake na watoto wake, na ng'ombe wa mahari ya binti ndio watakaomwolea kaka yake wa nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo siku baba alipomjengea mama yangu, aliwaita ndugu zake, wakasimama ukingoni na pombe ya mtama, akatamka mbele yao kwamba mpaka wa nyumba zake mbili ni mto ule. Wazee wakachukua pombe mdomoni, wakatema majini kubariki neno lake. Baada ya hapo hakuna mtu wa ukoo ambaye angethubutu kulirudisha. Hadithi hiyo tulisimuliwa mara nyingi, na kila aliyesimulia alisifia busara ya baba, kwamba wenzake huweka mikonge na mawe ambayo watu huyasogeza, lakini nani atasogeza mto.

Nyumba kubwa kulikuwa na Robhi, dada yangu kwa baba. Mama zetu walijifungua msimu mmoja wa palizi, yeye akanitangulia kidogo, na watu hawakuchoka kutulinganisha. Robhi alikuwa mrefu, mwenye pengo katikati ya meno ya mbele ambalo kila mtu alilisifia. Mimi sikuwa na pengo. Nilijaribu kulitengeneza kwa kijiti nikaishia kuvimba ufizi. Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho, na kitu hicho ni Kiwiko.

Mahali pamoja mto wetu ulijipinda. Ulikuja umenyooka vizuri, halafu bila sababu yoyote niliyoijua ukaingia upande wa nyumba kubwa, ukazunguka, ukarudi hadi karibu kabisa na pale ulipoanza kupinda. Kipande cha ardhi kilichobaki ndani ya mzunguko huo kilikuwa chetu, kimeshikana na upande wetu kwa shingo nyembamba ambapo watu wawili wenye mizigo ya kuni hawakuweza kupishana. Tulikiita Kiwiko kwa umbo lake. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, mahindi yake yalikomaa kabla ya mahindi mengine yote, na mama alipanda pale miwa ambayo Robhi aliitazama kutoka ng'ambo akimeza mate. Nilikuwa natafuna muwa taratibu nikimwangalia usoni. Enzi hizo niliamini wivu ni ugonjwa wa watu wengine.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mtu wa Ukerewe, mpole, ambaye chaki ilimjaa hadi kwenye nyusi. Siku moja alitufundisha kazi ya maji. Alisema zamani, kabla binadamu hajakanyaga hapa, mafuriko makubwa yalishuka kutoka vilima vyetu yakikwangua miamba na kubeba vipande vyake, na kila yalipofika kwenye kona yalipunguza mwendo yakatua kilicho kizito. Akasema maji hujenga na maji hukata. Unguja ilikuwa imeshikana na bara, bahari ilipopanda ikaingia mabondeni na kuifanya kisiwa. Kwao Ukerewe ziwa lilipenya mahali pembamba, likaiacha nchi yao peke yake. Halafu akachora Afrika, akachora Amerika ya Kusini, akatuonyesha jinsi zinavyoingiana kama vigae vya chungu kimoja, na kwamba zilitengana na hadi leo zinazidi kuachana polepole. Alieleza pia ni nguvu gani inayozisukuma, ila hapo Robhi alikuwa ananichoma mgongoni kwa penseli na sikusikia. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba maji yakipita katikati ya ardhi, ardhi huanza kuondoka.

Masika ya mwaka ule yakaja kwa hasira. Tulikuwa shuleni mchana mvua ilipoanza huko juu vilimani, na tulipokaribia nyumbani tukausikia mto kabla ya kuuona. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba vigogo na mzoga wa ndama wa mtu. Kesho yake asubuhi mama aliteremka kwenda kutazama mahindi, akarudi akakaa kizingitini bila kutua jembe. Nikakimbia kwenda kuona. Shingo haikuwepo. Mto ulikuwa umeacha kuzunguka, umekata pale pembamba ukanyooka, na Kiwiko na mahindi yake na miwa yake kilikuwa kimebaki ng'ambo. Kule ulikokuwa unazunguka zamani palikuwa na madimbwi tu, na Robhi alikuwa ameshavuka kwa miguu, anatembea ndani ya mahindi yetu akiyagusa moja moja. Harufu ile ndiyo niliyoinusa siku hiyo.

Kama ingeishia kwenye mahindi, pengine wangepatana. Lakini mto ulipokata shingo uliacha ukingo mpya, ulionyooka kama keki iliyokatwa kwa kisu, na kila mtu aliweza kuona kilichokuwa chini yetu: udongo mweusi juu, mchanga wa manjano chini yake, na chini kabisa tabaka la kokoto nyeupe za mviringo zilizobanana. Kumbe miaka yote tulikuwa tunalima juu ya mto mwingine, wa kale, uliozikwa na mafuriko yake wenyewe. Rashi ya dhahabu, ile mbio ya watu kukimbilia machimbo mapya, ilikuwa imeshaanza kwenye vilima vya jirani, na kila siku watu walipita na sululu na karai kichwani. Mmoja wao alisimama kwa mama mkubwa kuomba maji ya kunywa, akaziona kokoto zile, akashuka ukingoni na karai lake. Aliosha mchanga kwa kuuzungusha taratibu hadi ukabaki mweusi mdogo chini, na ndani ya huo mweusi palikuwa na uzi wa manjano, mwembamba kama kope. Mahindi hayajatoa hata mbelewele, Kiwiko kilikuwa na watu kutoka Geita, watu kutoka Sirari, na Wakenya kutoka Migori waliolala chini ya maturubai na kusaga maneno kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kiingereza.

Wachimbaji wana utaratibu wao: mwenye shamba hupata fungu lake katika kila mfuko wa kokoto unaotoka. Basi likaja swali la mwenye shamba ni nani.

Ukoo ulikutana kwenye lango la zizi la baba. Sisi watoto tulikaa nyuma ya akina mama. Baba mdogo Marwa, aliyempenda mama yangu kwa sababu ya upishi wake, alisema ardhi haina miguu, Kiwiko kilikuwa cha nyumba ndogo na kitabaki cha nyumba ndogo hata mto ukienda kupita Kenya. Wenzake wakamuuliza ni nini walichotemea pombe siku ile. Walibariki maji au walibariki udongo? Kama walibariki maji, basi mpaka ni maji, na maji yako wapi leo? Walizunguka hapo hadi jua likaanza kuuma. Nilimwona Marwa akirudi kukaa, kwa sababu naye alikuwepo siku ile na naye alitema. Walimgeukia baba. Alikuwa amechora chini kwa fimbo yake mstari mmoja na kuufuta, akachora na kuufuta.

"Nilisema mto," alisema mwishowe. "Sikusema mto wa zamani wala mto mpya. Nikilimeza neno hilo leo, kesho wanangu watayameza mengine yote."

Mama yangu aliinuka. Kwa mwanamke kusimama pale haikuwa jambo dogo.

"Mto umehama, Tata," alimwambia baba kwa heshima. "Mimi sijahama."

Baba alitazama ng'ombe. Walimruhusu avune mahindi yaliyosimama, na baada ya hapo Kiwiko kiwe cha nyumba kubwa. Mahindi yenyewe wachimbaji walikuwa wameshayakanyaga, tukavuna ya kujaza ungo mmoja.

Tangu siku hiyo niliishi kwa kumtazama Robhi. Nilijua anakula nini, anavaa nini, anacheka mara ngapi. Alipata raba nyeupe. Alipata gauni lenye mikono ya puto lililotoka Sirari. Nyumba yao ikaezuliwa nyasi ikapigwa mabati, na mvua iliponyesha nililala nikisikia kelele ya mabati yao kutoka ng'ambo, na nikaichukia mvua kwa kuwapigia ngoma wao na sisi kutuvujia. Kibaya zaidi ni kwamba Robhi hakuwa mchoyo. Alinikatia mkate wa dukani mbele ya wenzetu, kipande kikubwa kuliko chake, nami nikala kwa sababu njaa haina kiburi. Angeninyima ningepata nafuu. Nilimwambia mama kwamba Robhi ananiringia, mama akaniuliza anaringa vipi, nikakosa mfano, nikalia.

Tumaini langu lilikuwa moja, na nililipata kwenye jiografia. Kama maji yakipita katikati ardhi huanza kuondoka, basi Kiwiko na nyumba kubwa yote vilikuwa safarini. Vingeteremka taratibu, siku kwa siku, hadi Mto Mara, na kutoka hapo hadi ziwani, na Robhi na mabati yake na raba zake wangekuwa kisiwa huko karibu na kwao mwalimu. Nilichomeka kijiti ukingoni kwetu na kingine nikakirusha kikajichimbia upande wa pili, na kila asubuhi nilikwenda kutazama. Na kweli, mwanya ulikuwa unaongezeka! Kingo zote mbili zilikuwa zinamomonyoka, udongo ukiporomoka vipande vipande kila mvua ilipopita, ila mimi niliona nchi mbili zikiachana kama alivyosema mwalimu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha hadi mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Tatizo lililonisumbua ni lile la miwa. Nilitaka Robhi aondoke lakini Kiwiko kirudi, na sikujua namna ya kuvitenganisha, kwa sababu mmoja alikuwa amesimama juu ya mwingine. Nikamfuata mwalimu nikamuuliza, shikamoo mwalimu, kipande cha ardhi kikikatwa na mto kitachukua muda gani kufika ziwani. Alicheka hadi akavua miwani. Aliniambia ardhi haielei kama jani, na kwamba kutengana kwa nchi kunachukua muda ambao hata babu wa babu zetu ni jana tu. Nilimshukuru nikaondoka nikimwonea huruma. Niliona kwamba Ukerewe ilikuwa imeshaondoka na yeye hapendi kuzungumzia.

Tulifanya mtihani wa darasa la saba, mimi na Robhi, chumba kimoja, dawati la mbele na la nyuma. Majibu yalipokuja Robhi hakufaulu. Mimi nilifaulu, lakini sikuchaguliwa kwenda shule ya serikali, kwa kuwa nafasi zilikuwa chache na waliofaulu walikuwa wengi. Kulikuwa na sekondari upande wa Issenye, ng'ambo ya Mto Mara, lakini huko ilitakiwa ada, na nyumba yetu haikuwa na cha kuuza zaidi ya kuku na ng'ombe ambao walikuwa wa kumwolea Mwita. Baba hakuweza kuchukua cha nyumba kubwa akatupa sisi. Nilijifungia ndani ya ghala la ulezi nikakaa huko na panya. Nilijua wazi kwamba dhahabu ile ilikuwa ada yangu, ilitoka chini ya miwa yangu, na sasa ilikuwa inamnunulia mafuta ya nywele mtu ambaye hakuweza hata kutaja mito mitatu.

Siku chache baadaye mama mkubwa alivuka mto. Alikuwa mwanamke mzito, mwenye goti bovu, na tangu mafuriko hakuwahi kufika kwetu. Mama alikuwa anapepeta ulezi jikoni. Alimsogezea kigoda kwa mguu, mikono haikuacha ungo. Mimi nilikuwa napuliza moto, na hakuna aliyeniambia nitoke.

"Mama Mwita," alisema mama mkubwa, "mimi nina dhahabu, sina mtoto wa kuisomea. Wewe una mtoto wa kusoma, huna dhahabu. Nipe wako. Chukua wangu."

Mama aliendelea kupepeta. Mama mkubwa akaeleza kama mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu. Mimi ningehamia nyumba kubwa, niwe binti wa kule, anisomeshe kwa fungu la Kiwiko. Robhi angehamia nyumba ndogo, awe binti wa huku, asaidie shamba. Siku za kuolewa, ng'ombe wangu wangekwenda kwake na ng'ombe wa Robhi wangekuja kwetu, kwa hiyo Chacha ataoa na Mwita ataoa, hakuna atakayesema amedhulumiwa. Haikuwa kuazimana. Ilikuwa ni kubadilishana, mbele ya ukoo, neno moja.

Nilikuwa nimeacha kupuliza na moto ulikuwa unazimika. Nilimtazama mama nikisubiri aseme hapana, huku nikiomba moyoni asiseme.

"Huyo wako," aliuliza mama, "anajua kupalilia?"

"Anajua. Uvivu wake ni wa asubuhi tu."

"Basi nitamwamsha."

Hivyo ndivyo nilivyovushwa. Wazee walikuja tena na pombe yao, na safari hii walitutemea sisi, kifuani na miguuni, mimi na Robhi tumesimama bega kwa bega. Baba alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona. Nadhani jambo la Kiwiko lilikuwa limemkaa rohoni, na hapa aliona limejirekebisha bila yeye kumeza neno. Mama hakulia. Alinifungia nguo zangu katika sanduku la bati, akakaza kamba, akaniambia, "Kilio chako chote kilikuwa Kiwiko. Sasa nenda kakae nacho."

Nilifurahi. Sina sababu ya kujipamba hapa. Nilikuwa nimempiku Robhi. Sasa mabati yalikuwa yangu, raba zingekuwa zangu, Issenye ilikuwa yangu, na yeye ndiye angeshika jembe. Nilishuka mtoni na sanduku kichwani nikiimba kwa sauti ili anisikie. Tulikutana katikati, kwenye mawe ya kuvukia, yeye akija na kifurushi chake kidogo cha kanga. Alinipisha. Halafu akaniita, akaniuliza mama yangu akikasirika huwa anafanyaje.

"Hafoki wala hapigi," nilimwambia. "Ananyamaza tu. Usimsemeshe. Chota maji, uyaweke mlangoni, ukae mbali."

Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayetaka kukariri. Kisha akauliza kama anapenda kusukwa. Nilisema ndiyo, anapenda kusukwa jioni, akiwa amekaa kati ya miguu ya mtu. Nilipoyasema hayo, sikupenda alivyoendelea kuvuka haraka haraka kama mtu anayechelewa kwa jambo zuri.

Issenye nilisoma kwa bidii. Tulikwenda kwa lori la mizigo, tukavuka Mto Mara, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na sweta. Wasichana wenzangu walinionea wivu kwa godoro langu jipya, na nilifurahia hilo kuliko godoro lenyewe. Nilifundishwa upya kuhusu Afrika na Amerika, safari hii hakuna aliyenichoma penseli, na nikaelewa kwamba kinachosukuma nchi kiko chini kabisa, kwenye joto la ndani ya dunia, na mto hauwezi. Nilicheka peke yangu darasani nikikumbuka vijiti vyangu. Usiku kabla ya kulala niliwaza nani anasuka nywele za mama, ingawa nilijua.

Likizo ya kwanza nilifikia nyumba kubwa, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kwetu. Mama mkubwa alinichinjia jogoo, akaniita mwanangu mbele ya watu, akanifanya nisome kwa sauti maandishi ya kwenye mfuko wa saruji ili majirani wasikie. Mimi ndiye niliyekuwa naringa sasa, na nililala chini ya mabati. Asubuhi nikavaa sare yangu, ingawa ilikuwa likizo, nikashuka kwenda kumwona mama.

Kiwiko hakikuwepo tena, kwa maana ya kitu unachoweza kusimama juu yake. Wachimbaji walikuwa wamekula kokoto zote wakahamia penginepo, wakaacha mashimo yaliyojaa maji ya kijani, na mto ulikuwa unabomoa kuta za mashimo hayo moja baada ya nyingine na kuzipeleka Mara. Nilipita ukingoni kwa tahadhari. Sikuhuzunika. Nilikuwa nawaza jinsi mama atakavyoniona na sweta.

Niliwakuta uani. Mama alikuwa amekaa chini, na Robhi juu ya kigoda nyuma yake, anamsuka. Mwita alikuwa ameegemea goti la Robhi, kidole mdomoni, amesinzia. Robhi alikuwa anasimulia kitu kwa Kikurya, kisa cha mbuzi wa jirani, na mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo, alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika na Robhi anamkemea atulie, nywele zinamponyoka. "Mama, tulia bwana," alimwambia. Mama akatulia.

Nilisimama na sweta langu. Wivu nilioupata pale haukuwa kama ule wa raba wala wa mabati. Ule ulikuwa mchezo wa watoto. Nilitaka kumsukuma Robhi kutoka kwenye kigoda kile na kukaa mimi, niweke vidole vyangu katika nywele zile, na nilijua siwezi, kwa sababu tulikuwa tumetemewa pombe na hakuna mtu wa ukoo ambaye angethubutu kulirudisha neno hilo. Na nilijua pia, kwa umri wangu ule mdogo, kwamba hakuninyang'anya. Nilimwelekeza mwenyewe, kwenye mawe ya mtoni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Mama aligeuka. Akanyanyuka upesi, nywele nusu zimesukwa nusu ziko wazi, akajipangusa mikono kwenye kanga kama anavyofanya mtu aliyefumaniwa na ugeni. Aliniitikia marahaba. Akaingia ndani akatoka na kiti cha kuegemea, kile ambacho hutolewa kwa wazee na wachungaji, akakifuta vumbi, akakiweka kivulini, akanionyesha nikae.

"Robhi," alisema, "mletee mgeni maji anawe."

Robhi alileta bakuli na birika. Alinimiminia maji taratibu, bila kuyamwagia sare yangu, nami nikanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Mama alikaa mbele yangu kwenye mkeka, miguu ameikunja vizuri, mikono mapajani. Alinitazama sweta, viatu, soksi.

"Huko kwenu," aliniuliza, "hawajambo?"

"Hawajambo," nilimjibu. "Wanakusalimu."